Jina Lililokosekana Mnarani

Haijanitoka kichwani asubuhi ile babu yangu aliponiuliza, "Na Songoro umemweka wapi?"

Mwanangu, nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, karani katika ofisi iliyokuwa ikikarabati mnara wa zamani wa taa kaskazini mwa Unguja, ule ulioonyesha vyombo njia visipande miamba. Mafundi walikuwa wameshakwangua plasta iliyooza, wakapiga chokaa mpya na kubadilisha vioo. Mkuu wangu akaniambia niandike historia ya mnara, iandikwe kwa rangi kwenye ubao wa mlangoni. Nilifurahi, maana babu ndiye aliyekuwa mtunzaji wa taa ile. Nikaandika jina lake peke yake, nikaenda nyumbani Mji Mkongwe kumsomea.

"Songoro alikuwa mpandisha mafuta tu, babu," nikamjibu.

Siku hizo babu alikuwa haoni tena.

"Macho yangu hayakuanza kufa juzi," akasema. "Miaka sita ya mwisho mie nilikaa chini tu. Aliyepanda ngazi, akafuta vioo na kuwasha taa ni yeye. Hakumwambia mtu, nisije nikafukuzwa kazi."

"Mbona hukutwambia?"

"Nliona haya. Sasa nenda Jang'ombe, ukamsomee mwenyewe hayo uliyoandika."

Nilimkuta Mzee Songoro barazani kwake akitengeneza stovu. Nikamwamkia, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho huku akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Babu yako hajambo?"

Basi. Hakuniuliza jingine. Nilitamani anigombeze, ingekuwa nafuu.

Niliporudi ofisini nikakuta ubao umeshaandikwa. Nikamweleza mkuu wangu kuwa jina la Songoro limekosekana, ila siri ya macho nikaiacha kwa wenyewe.

"Uache hivyo hivyo," akasema. "Nani anasoma mambo haya?"

"Songoro mwenyewe anajua kusoma," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akanipa msasa. Nikaufuta ubao ule kwa mikono yangu siku mbili nzima, vidole vikachubuka, ndipo mchoraji akaandika upya majina yote mawili. Siku ya kuufungua mnara, Mzee Songoro alimshika babu mkono, akamsomea ubao wote. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe, akapunguza sauti.

Mwanangu, mnara ule sasa unakarabatiwa tena, nanyi vijana mnakuja na simu zenu kuturikodi sisi wazee. Ni jambo jema. Lakini ukishaandika habari za watu, usiishie kumsomea aliyesifiwa. Mtafute uliyemwacha nje, umsomee ana kwa ana. Ukiona ulimi unakuwa mzito mbele yake, rudi ukaandike upya, hata kama rangi imeshakauka.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika, na moyo usioona taabu kufuta.