Mama Laurentine Ndiye Macho ya Basi

“Mujinga wa siku ile ni miye. Usitafute mwingine,” anasema Floribert Ngosa, akizima injini ya basi lake hatua chache kabla ya reli.

Ni asubuhi, jua linachomoza. Basi limejaa akina mama wa mtaa wa Katuba na mabeseni yao ya sombe, yale majani ya muhogo, wanawahi sokoni Elisabethville. Mbele ya reli wote wananyamaza, kama kanisani. Wote, isipokuwa bwana mmoja mwenye tai, anayetazama saa yake na kuguna.

Tangu Katanga ijitenge na Kongo, mapigano ya kaskazini yamekata reli. Mwaka jana mji mzima ulisema treni zimekwisha, na Ngosa akasadiki. Akawa anavuka reli huku akipiga hadithi, bila hata kugeuza shingo.

“Nilisema, reli imekatika, treni itatoka wapi? Itaanguka toka mbinguni?”

Haikuanguka. Ilitoka kwenye kiwanda cha shaba cha pale pale mjini: kichwa cha treni kinasukuma mabehewa ya mawe ya shaba, mabehewa mbele, kichwa nyuma, hakuna taa wala filimbi. Akina mama walipiga ukelele, Ngosa akakanyaga mafuta. Behewa la kwanza liling’oa bampa ya nyuma na kumwaga sombe relini. Watu wakapona kwa upana wa kiganja.

Aibu ilimkaa rohoni. Baba yake, mtu wa Mitwaba, alizeekea kwenye kazi ya reli.

“Mutoto wa muntu wa reli kugongwa na treni!” anacheka, akijipiga paji la uso. “Ni kama mutoto wa muvuvi kuzama mu beseni.”

Kesho yake basi liliondoka tupu. Akina mama walikwenda mjini kwa miguu, mizigo kichwani, wakapita dirishani pake bila salamu. Na bila akina mama, basi la Katuba ni kibanda chenye magurudumu.

Ngosa akaenda kuomba radhi kwa Mama Laurentine, muuza sombe ambaye wenzake humfuata anakokwenda.

“Nilimwambia, baba, ile pole yako siwezi kuipika,” anakumbuka mama huyo. “Nitarudia mu basi yako. Lakini pa reli, macho ni yangu. Nikikatala, usipite.”

Tangu siku hiyo yeye hushuka, huvuka kwa miguu, hutazama huku na huku, kisha huinua mkono. Ndipo basi linapovuka na kumpakia ng’ambo. Madereva wengine walimwita Ngosa “mutoto wa mama”. Leo Jeannot, aliyecheka kuliko wote, naye ana mama yake wa kushuka.

Ngosa anataka kila basi la Katuba lifanye hivyo.

“Vita itaisha,” anasema. “Treni za kaskazini zitarudia, tena nyingi. Nataka zitukute tumekwisha kuzoea kusimama.”

Nyuma, uvumilivu wa bwana mwenye tai umekwisha.

“Shofere! Kila muntu anajua hakuna treni! Twende, niko na haraka!”

Mama Laurentine, mguu mmoja tayari uko chini, anageuka taratibu.

“Basi shuka, baba, utangulie. Jioni tutapita kwa bibi yako, tumwambie bwana yake alikuwa na haraka.”