Refa wa Ukoo wa Silas

Wifi yangu Delight Thaxby aliendesha basi la shule hapa Oldham Neck tangu nywele zake zikiwa nyekundu mpaka zikajaa mvi. Akisema "Keti!" hata mbwa wa njiani hukaa. Akina Thaxby wanajivunia sauti hiyo, na wanajivunia zaidi mzee wao wa kwanza, Obadiah, aliyeshuka melini kutoka Uingereza na mke na ng'ombe mmoja, wakati pwani hii ya Massachusetts Waingereza wake walikuwa wa kuhesabika. Mimi niliolewa tu humo, lakini hadithi za Obadiah nimelishwa kuliko maharagwe.

Hadithi hiyo ilikuwa na kidonda. Ilipokuja vita ya Wamarekani kumng'oa mfalme wa Uingereza, vilembwe wawili wa Obadiah walitengana. Enoch alishika bunduki na waasi, mdogo wake Silas akabaki na mfalme. Watu wakamvunjia Silas madirisha, akapanda meli na mkewe usiku uleule. Alizama, ndivyo walivyosema. "Na afadhali," huongeza Baba Mkubwa Abijah, mkubwa wa ukoo, mtu wa miaka themanini na ushei na ulimi wa pilipili.

Basi majira fulani ya baridi Delight akawapeleka vijana wa shule Kanada, Nova Scotia, kwenye mashindano ya mpira wa magongo wa barafuni. Refa akamtoa nje mchezaji wetu. Delight akasimama juu ya benchi.

"We refa! Macho umemwachia mkeo nyumbani?"

Refa, jibaba lenye nywele nyekundu, akageuka akanguruma: "Keti, mama!"

Na Delight akaketi! Mwenyewe aliniambia ile ilikuwa sauti ya marehemu baba yake. Hapo kipaza sauti kikatangaza kwamba refa Everett Thaxby anawaomba wageni watulie.

Mchezo ulipoisha Delight alimkimbilia barafuni akiteleza na mabuti yake.

"Thaxby wa wapi wewe?"

"Wa hapahapa. Babu yetu Silas alifukuzwa na nduguye huko kwenu."

"Silas alizama!"

"Azame wapi? Nusu ya waliokuzomea leo ni wajukuu zake!"

Alinipigia simu akipiga kelele nikadhani basi limepinduka. "Wifi, wako hai! Wamejaa! Pua zetu hizihizi!" Kabla hajarudi alikuwa ameshawaalika wote kwenye mkutano wa ukoo wa Agosti.

Baba Mkubwa aliposikia alipiga fimbo sakafuni. "Watu wa mfalme hawakanyagi uwanja wangu."

"Baba Mkubwa, mfalme huyo kaoza zamani."

"Basi waende wakamzike."

Walikuja hata hivyo, mabasi mawili, wakiimba. Ee, siku ile! Tulikuwa tumechimba shimo, mawe yamewaka tangu alfajiri, kome na kambakoche na mahindi vikifukizwa chini ya mwani. Watoto wakachanganyikana mara moja, usijue wa nani ni yupi. Baba Mkubwa alijifungia kwenye gari lake, vioo juu, akitazama mbele kama yuko kanisani.

Ikaja zamu ya kuvuta kamba, ukoo wa Enoch na ukoo wa Silas. Wageni walikuwa wavuvi na wakata miti, wakatukokota kama magunia. Mara mlango wa gari ukafunguka kwa kishindo.

"Visigino! Chimbeni visigino, enyi vibogoyo!"

Baba Mkubwa huyoo, akatupa fimbo, akashika kamba. Tukapiga yowe, tukavuta mpaka macho yakatutoka. Tukashindwa. Sote tukaanguka rundo moja, Baba Mkubwa juu ya kifua cha Everett.

"Mzee, umeumia?"

"Niumizwe na watu wa mfalme? Turudie!"

Tulirudia, tukashindwa tena. Ndipo mzee akaomba maji, akaketi nyasini karibu na Everett, akasema bila kumtazama: "Silas hakuzama. Baba yangu aliniambia nikiwa kijana. Na jiwe la kwanza dirishani hakulirusha jirani. Alilirusha Enoch."

Delight akaziba mdomo kwa kiganja. Everett akakuna shingo.

"Kwetu husemwa Silas, kabla ya kupanda meli, alilitia moto ghala la majani la Enoch."

"Kumbe ni yeye!" Baba Mkubwa akaruka. "Miaka yote tunasema lilipigwa na radi!"

Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia tena. Mzee alicheka mpaka meno ya bandia yakamdondoka, kisha akalia kidogo, akamshika Everett mkono na hakuuachia mpaka kome walipopakuliwa.

Mwaka uliofuata mkutano ulifanyika kwao. Delight alikuwa amestaafu, lakini hakukubali mtu mwingine aguse usukani. Baba Mkubwa alikaa kiti cha mbele. Mpakani askari alimuuliza anakwenda Kanada kufanya nini.

"Kuvuta kamba," akajibu mzee, "na kudai ghala letu."

Basi zima likaripuka kwa vigelegele, askari naye akacheka, akatupungia tupite.