Mwenye Pombe Anywe Kwanza

Rafiki yangu mmoja anayelima nje kidogo ya Bariadi aliniomba nimsaidie kupika pombe. Mimi shule niliiacha mapema na sikai mahali pamoja, ila jambo nisilolijua halinipiti. Nikaenda.

Pamba yake ilikuwa imepasuka shamba zima, na majirani walishaanza kuachia ng'ombe kwenye mashamba yaliyovunwa. Bila pombe hakuna ambaye angekuja kumchumia. Kwa kawaida mpishi alikuwa mkewe, naye alikuwa Bukundi akimuuguza mama yake.

Tulichipusha mtama chini ya magunia, tukaukausha, tukausaga. Tukapika uji mzito, ulipopoa tukachanganya na ule unga wa kimea, tukamimina kwenye pipa la plastiki. Kila hatua alinipa mimi nionje. Yeye hata kidole hakulamba.

"Onja na wewe."

"Ulimi wako ndio unaojua."

Hapo nikaanza kumtazama vizuri. Mtu huyu nilimjua tangu zamani, haachi kibuyu mpaka kitako kionekane. Nikalinusa lile pipa.

"Lilikaa dawa ya pamba hili?"

"Maji tu."

Alijibu haraka mno.

Pombe ilipochacha, majirani wakaja asubuhi na magunia yao. Pale kibuyu cha kwanza hunywewa kabla ya kazi, na anayeanza ni mwenye nyumba, ili wageni wajue hakuna sumu. Akachota, akanipa mimi.

Mama mmoja mzee akacheka. "Huyo mpita njia akifa, nani atajua? Kunywa wewe, baba."

"Siwezi, mayu. Nimeokoka."

Hata mimi hakuwa ameniambia.

"Tangu lini?" yule mama akauliza.

"Tangu Pasaka."

"Kumbe! Wewe uende mbinguni, sisi tubaki na pipa lako?"

Wengine walicheka, lakini wawili walishabeba magunia yao kuondoka. Rafiki yangu akalitazama shamba. Kisha akakichukua kibuyu mikononi mwangu, akanywa mpaka tukasikia koo lake. Wakamkagua kama wanavyokagua ng'ombe mnadani. Nami nilimkagua. Hatimaye yule mama akanyoosha mkono apewe.

Pamba ilichumwa yote. Jumapili iliyofuata alivaa shati la kanisani, akakaa nalo mlangoni kwake mpaka waumini wenzake walipopita wakirudi.