Kontrol Boksi na Dumu la Mtindi

Sioni aibu kujisifu: Bariadi nzima, gari likianza kupiga honi lenyewe, naitwa mimi. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma.

Mama mmoja muuza mtindi aliniletea gari lake kutoka Lagangabilili. Taa zilikuwa zinajiwakia, milango inajifunga, na majirani walishasema limerogwa. Nilipofunua zulia la mbele, nikakuta kontrol boksi, ile inayoamrisha taa, honi na milango, imeshika kutu na inanuka maziwa. Nikafunga nyingine, nikaiwekea programu kwa kompyuta yangu, na kila kitu kikatii.

Watu walikuwa wameshajaa, nami nikaanza kuhubiri.

"Si uchawi, mayu," nilimwambia yule mama kwa sauti ya kufika sokoni. "Ni dumu lako linavuja. Hapa mbele usiweke tena hata glasi ya maji!"

"Nimesikia, baba," alijibu, akanipa dumu la mtindi la shukrani.

Nikalipokea kwa makofi ya watu, nikaingia nalo garini kuwaonyesha gari linavyokwenda. Nilizunguka ile barabara ya mashimo kwa mbwembwe zote. Niliporudi, kabla sijazima, honi ikalia yenyewe, taa zikakonyeza, milango ikajifunga nami ndani.

Mama akainama dirishani, akatazama chini mbele ya kiti cha abiria. Dumu lilikuwa limelala pale, kifuniko wazi.

"Baba," akauliza taratibu, watu wote wakisikia, "na hili nalo nimeliweka mimi?"