Nilipiga misumari sakafu ya mjane kule Genkuru, siku ya kuing'oa nikajua kwa nini aliomba bolti

Wakuu, habari za majukumu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na nikiongeza chumvi nyundo iniponde kidole.

Mimi ni fundi seremala, Tarime mjini. Kipindi kile watu wamechanganyikiwa na dhahabu, kila mtu anafukua, nilipata kazi kijiji cha Genkuru.

Tulikuwa mafundi kadhaa, tunajenga nyumba za mbao za mikaratusi waliyopanda wanakijiji wenyewe. Ukikata mmoja unapanda miwili. Na sharti la saiti: huchori kitu mpaka ukae na mwenye nyumba akuambie anataka kuishi vipi.

Nikakaa na Mama Bhoke, mjane anayelea mjukuu. Tukakubaliana sakafu iinuke juu ya nguzo, na chini tuzibe pande zote kwa mbao. Akaongeza ombi moja.

"Fundi, sakafu ya chumba cha kulala usipige misumari. Weka bolti, niwe nafungua naona chini."

Alikuwepo shemeji yake Marwa, mdogo wa marehemu mume wake, wanapakana viwanja. Akacheka. "Bolti ni za trekta hizo. Piga misumari, nyoka wasipate njia."

Nikamsikiliza mwanaume. Nasema wazi, maana wengi humu mngefanya hivyo hivyo. Nikapiga inchi nne, tena za kukaribiana, najiona fundi kweli.

Miezi kadhaa baadaye nikaitwa, mlango wa chumba chake cha kulala unakwama. Ilikuwa mchana kweupe. Niliona nguzo moja ya kona imezama kidogo, nikasema ni mvua.

Nimepiga magoti pale mlangoni, nikasikia. Ko. Ko. Ko. Chini yangu.

Wakuu, niliruka nikasimama kando.

"Hiyo sauti ina wiki ya pili," Mama Bhoke akasema taratibu. "Nikisema, wananiambia ni mchwa. Mimi nilikuomba nione."

Mjukuu alikuwa amelala chumba hicho hicho. Tukamtoa kwanza. Halafu nikaanza kung'oa misumari yangu mwenyewe, nayo haitoki. Nilijilaani kila msumari.

Ubao wa tatu ulipoinuka nikaona duara, shimo la wachimbaji, limetokeza pembeni kabisa ya nguzo ile iliyozama. Kumbe lilianzia nyuma ya nyumba ya jirani, likifuata dhahabu chini kwa chini.

Ndani tochi inawaka. Ikageuka juu, ikatumulika.

"Shemeji, shikamoo," Marwa akasema kutoka kule chini. "Usiogope, ni mimi."

Mama Bhoke akatoka nje, akamchukua mjukuu wake.

Pale chini pameshatobolewa, hapakaliki tena, lakini nyumba ya mbao ina heri yake. Tuliifungua ubao kwa ubao, tukaisimamisha upya kwa kaka yake Mama Bhoke. Marwa alihama kabla wazee hawajamuita. Safari hii niliweka bolti, na spana anailalia chini ya mto.

Nilichojifunza: anayelala ndani ndiye anayejua anaogopa nini. Mwingine akichangia mchoro, muulize anapata nini.

Kwangu ni sakafu ya saruji, lakini hadi leo nainama kusikiliza kabla sijapanda kitandani.

Ninyi mliojengewa, fundi alipuuza ombi lenu lipi? Semeni tu, mafundi tupo humu tunasoma.