Nilimwombea Mtu Niliyemkataza Kuja

Nimekosa, jamani! Sitafuti mtu wa kumsingizia. Kosa ni langu, na nikiendelea kulikalia kimya litanitoa roho. Ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua.

Mimi ni kijana wa Gisenyi. Nilizaliwa Tanzania, ukimbizini, tukarudi huku na wazazi. Kiswahili changu watu wa hapa hukicheka. Mwaka huu wa tisini na tisa nilikuwa kiongozi wa kwaya ya vijana ya kanisa letu. Waliniamini. Nikisema simameni, wanasimama.

Wiki moja baada ya Pasaka tulikwenda kupiga kambi kwenye kisiwa cha Ziwa Kivu. Ni msitu wa serikali, hakuna nyumba hata moja. Mimi ndiye niliyefuata kibali kwenye ofisi ya serikali, komini, mimi ndiye niliyekodi mtumbwi. Tulikuwa kumi na wawili, na hema tatu tulizoshona kwa shitingi, yale maturubai ya bluu waliyoacha wakimbizi. Tulipelekwa Ijumaa. Jumapili saa tisa alasiri mtumbwi ungerudi kutuchukua.

Mwenye mtumbwi aliitwa Baba Olive. Mkewe, Mama Olive, tulikuja naye atupikie. Mwanamke wa nguvu yule! Kila asubuhi huvuka mpaka kwenda Goma na beseni la sambaza, dagaa wa ziwa hili, kichwani, na jioni bado ana pumzi ya kutania watu.

Sasa sikia upumbavu wangu.

Katika kwaya kulikuwa na Chantal. Nilimpenda mwaka mzima bila kumwambia. Wiki ile ile alikuwa anahamia Butare, shangazi yake amempatia kazi ya kushona. Nikawaza, siku mbili kisiwani hazinitoshi. Nikipata ya tatu, nitamwambia.

Basi Ijumaa, wenzangu wakiwa wanapakua sufuria, nikamvuta Baba Olive pembeni.

"Usije Jumapili. Njoo Jumatatu saa sita."

"Lundi? Bibi yangu anajua?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Bon. We njo chef."

Kwake mimi ndiye mkubwa. Akapiga kasia, akaenda. Sikumwambia mkewe. Sikumwambia yeyote. Nilijiambia, nani ataumia kwa siku moja?

Jumapili asubuhi ilikuja mvua na upepo ambao sijapata kuona. Ziwa likachafuka, mawimbi yakapanda hadi kwenye mizizi ya miti. Tukajibana ndani ya hema tukiimba. Saa sita mvua ikapungua. Saa nane tukafunga mizigo. Saa tisa ikafika.

Mtumbwi haukuja.

Saa kumi Mama Olive akasimama kwenye maji, sketi imelowa hadi magotini.

"Mi najua bwana yangu. Akisema saa tisa, ni saa tisa. Iko wapi?"

Kila mtu alitazama yale mawimbi, na nikaona wazo moja likipita usoni kwa wote. Na yeye akaliona.

"Yampayinka wee! Ziwa imemukula!"

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipopaswa kusema! Maneno matatu tu: nilimwambia aje kesho. Mdomo ulifunguka. Chantal alikuwa amesimama karibu yangu, ameshika mkono wa yule mama, machozi yanamtiririka. Nikawaza atakavyonitazama. Mdomo ukafungika.

Kisha mwenzetu mmoja akasema, "Kiongozi, tuombee."

Wakapiga magoti kwenye matope, wote. Na mimi nikaomba! Nikanyanyua mikono, nikamsihi Mungu amtoe Baba Olive majini, mtu ambaye nilijua yuko kwake Gisenyi anakula viazi. Waliitika amina kwa kulia. Sauti yangu nayo ilitetemeka, wakadhani ni uchungu.

Baada ya maombi yale ningesemaje tena? Kila upande ni maji, na ndani ya kifua changu hakuna mlango. Nilizunguka kisiwa kile mara tatu kama mnyama. Hakuna mvuvi aliyepita, upepo uliwafungia nyumbani.

Mama Olive alikataa kukaa. Kulikuwa na mwamba mrefu upande wa kaskazini, ambako unaona ziwa hadi mbali. Akaupanda mara ya kwanza, akashuka. Akaupanda mara ya pili. Nikamwambia, "Mama, mwamba umelowa, acha."

"Niache, mwanangu. Hata ubao ya mutumbwi, niione."

Mara ya tatu tukasikia kishindo, kisha ukelele.

Tulimkuta chini kati ya mawe, paja limevunjika. Tulilifunga kwa nguzo mbili za hema, tukambeba hadi kwenye shitingi. Alipiga kelele mpaka sauti ikaisha, akabaki kusema pole pole, "Muniache nimufuate."

Nikainama sikioni mwake. Nilitaka kumpa ukweli, wallahi nilitaka!

"Mama Olive, mumeo ni mzima. Najua."

Akafumbua macho. "Unajua aje?"

Chantal alikuwa nyuma yangu, anasikiliza.

"Mungu amenionyesha," nikasema.

Akanishika mkono, akaubusu. Akatulia. Chantal akanitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona machoni pake, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu saa sita kamili, mtumbwi huo! Ziwa limetulia, Baba Olive anapiga kasia na kupiga mluzi. Watu wakaruka, wakaimba haleluya, wakaingia majini kumkumbatia. Maskini, alishangaa.

"Sasa juu ya nini munalia? Chef, si uliniambia lundi saa sita? Niko na saa yangu!"

Haleluya ikakatika. Kumi na moja walinigeukia.

Mama Olive alikuwa amelala pale ufukweni, anasikia kila neno. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe Mungu yako ni we mwenyewe."

Safari ya kurudi ilichukua saa tatu. Ndani ya mtumbwi huna pa kwenda. Nilikaa na magoti yangu yakigusana na mgongo wa Chantal, na hakugeuka hata mara moja.

Alikwenda Butare. Nimeandika barua tano. Hajajibu hata moja. Kwaya ilinitoa, kanisani nakaa benchi la nyuma. Mguu wa Mama Olive uliunga vibaya, mmoja umekuwa mfupi. Beseni la sambaza halibebi tena. Olive, binti yake mkubwa, ameacha shule, ndiye anayevuka mpaka.

Nilikwenda kwao kuomba msamaha. Baba Olive alinipokea nje, uani, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mi sina kesi na we. Lakini mu nyumba yangu usiingie." Akarudi ndani, akafunga mlango taratibu, bila hasira. Afadhali angenipiga!

Wewe unayesoma, labda leo umemficha mtu jambo dogo, unajiambia halina madhara. Usisubiri! Sema leo, sema sasa hivi, hata kama aibu itakuunguza. Mimi aibu ya saa kumi ile ningeivumilia. Wangenitukana, wangecheka, tungechemsha chai tukangoja kesho. Niliikimbia, na mwanamke akapanda mwamba kumtafuta mume ambaye hakuwa amepotea.