Tulishuka Kutazama Shakwe

Baba aliniambia siku ya kufungua shule, tumesimama chini ya mpeasi nyuma ya nyumba, sanduku langu liko begani kwake: "Ukilazwa tena kwa kifua nakuja kukuchukua, na sikurudishi. Nataka mtoto anayelima, sitaki msomi wa kuzika." Wala hakusema kwa hasira. Kipupwe cha mwaka uliotangulia nililala chumba cha wagonjwa hadi mbavu zikahesabika, na yeye ndiye aliyekuja kunibeba mgongoni kama gunia la viazi.

Kwa hiyo niliingia kidato cha pili nikiwa na sweta. Shangazi alilifuma kwa sufu aliyoifumua kwenye masweta makuukuu ya watu, ndiyo maana mkono mmoja ulikuwa wa kijivu na mwingine wa kijivu cha namna nyingine. Nililala nalo. Nililima nalo bustani ya shule, maana wakati ule tulikuwa tunajitegemea, na kabichi zetu zilikwenda kuuzwa Tanga. Bwenini kwetu Lushoto mwezi wa saba ukungu unaingia dirishani kama mtu wa nyumbani, na blanketi ukilishika asubuhi unadhani limetoka kufuliwa. Wenzangu walivumilia baridi tu. Mimi nilikuwa naihesabia siku, kwa sababu ya maneno ya baba.

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa kijana aliyependa ndege kuliko watu. Siku moja lori la kabichi lilipokuwa linashuka Tanga akaomba darasa letu lipande juu ya kabichi, tukatazame ndege wa pwani. Wengi wetu hatukuwahi kuiona bahari. Tukapiga vigelegele. Akatuongezea kiranja wa bweni, dada wa kidato cha nne, aje kutusimamia kwa kuwa anaijua pwani. Kwao kulikuwa upande wa Pangani. Alikuwa Mzigua, na sisi Washambaa, kwa hiyo watani. Tangu nifike shuleni alikuwa ananitania mimi zaidi ya wote, kwa kuwa sisemi. Wenzangu walimjibu, wakamwambia Wazigua wanatuogopea milima yetu kwa sababu wamezoea kutambaa. Mimi nilitazama chini. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa, na kila mtu atakuambia hivyo.

Tuliondoka kungali giza, tumejikunyata juu ya kabichi zenye umande. Kiranja alivaa koti la kijani, zito, lenye kola ya manyoya. Baba yake alimnunulia kwa ajili ya baridi ya kwetu. Njia nzima alitufundisha bahari.

"Mkifika, kwanza mnaiamkia," alisema. "Bahari ni mkubwa wenu. Asiyeiamkia inamfuata."

"Tuiamkie vipi, dada?"

"Msije mkasema onga mshi! Haijui Kishambaa. Semeni shikamoo, halafu subirini iitikie."

Wakacheka. Mimi sikujua kama nicheke. Kwetu hakuna anayefanyia mchezo shikamoo.

Karibu na Muheza tulisimama kwenye bwawa la shamba la mkonge. Palikuwa na bata maji wengi, wameelea kimya, vichwa wamevificha mgongoni. Mwalimu alitaka tuone rangi za mabawa, na bata aliyelala haonyeshi bawa. Akaokota jiwe, akalirusha. Kundi liliruka lote isipokuwa mmoja, ambaye alibaki anazunguka majini, bawa moja limelala juu ya maji kama kitambaa. Mwalimu alimtazama kwa darubini kwa muda mrefu.

"Afadhali huyu," alisema. "Hatusumbui. Choreni bawa hilo."

Tukachora. Nakumbuka nilichora vizuri, mwalimu akanisifu.

Darubini ilikuwa moja kwa shule nzima. Iliachwa na Mzungu mmoja aliyefungasha mizigo mwaka wa Uhuru, na ukanda wake wa shingoni ulikuwa umekatika siku nyingi. Mwalimu aliilaza mapajani kama mtoto mchanga. Tulipofika pwani, nje kidogo ya mji, penye mikoko na mchanga mrefu ulioachwa wazi, alitutazama mmoja mmoja akanipa mimi.

"Wewe huna maneno," alisema. "Hutaigombania. Ikipotea, ujue umeipotezea nchi."

Maji yalikuwa yametoka. Hicho ndicho nilichokiona mimi: uwanja mkubwa wa tope na mchanga, na bahari mbali kama mstari uliopigwa na rula. Nilidhani ndivyo ilivyo siku zote. Ziwa likikauka limekauka, mto ukishuka unashuka tu, sijaona mto unaorudi. Nilisogea pembeni ambapo wengine hawanisikii, nikasema shikamoo. Kumbe kiranja alikuwa nyuma yangu. Alianguka mchangani kwa kucheka.

"Jamani! Jamani njooni! Kaiamkia kweli!"

"Imeitikia?" mmoja aliuliza.

"Imesema marahaba, mwanangu, umekuja na ndizi?"

Walicheka hadi wengine wakashikana mikono. Na mimi nilitabasamu, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Mwalimu alitueleza kuhusu ndege. Yangeyange weupe wale pale, sululu yule mwenye mdomo uliopinda, na wale wenye vichwa vya hudhurungi ni shakwe. Alisema wengi wao mwezi huo wako Ulaya wanalea watoto. "Mnaowaona hapa Julai ni waliobaki. Wadogo, au dhaifu, safari imewashinda."

"Kumbe kuna na wa kwetu," alisema kiranja, akanielekezea kidole. Hata mwalimu alicheka kidogo, kisha akaenda na dereva kwenye kivuli kula chakula chao.

Jua lilikuwa limepanda. Nilivua sweta na viatu. Kiranja akaja, safari hii kwa upole, akaniwekea mkono begani. Alinionyesha fungu la mchanga lililokuwa mbele, limejitenga, shakwe wamelijaa.

"Wewe ndiye mwenye darubini. Kaa pale katikati, usitikisike, watakuzoea. Watakuja mpaka miguuni."

"Na maji?" niliuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake tangu tufahamiane.

"Maji yameshakwenda Pemba. Yanarudi kesho."

Nilivuka kijito chembamba kilichonifika kwenye vifundo vya miguu, nikakaa juu ya sweta langu, viatu pembeni. Na ni kweli, walikuja. Shakwe mmoja alikuwa na mguu mmoja tu, anaruka kwa huo huo, anapokonywa kila anachookota. Mwenzake akimaliza kumpokonya, anamdonoa na shingo. Nilimfuata yeye kwa darubini saa nzima au zaidi. Nilitaka aokote hata kidagaa kimoja akimeze. Sikuwa naona kitu kingine duniani, na sitasema uongo, nilikuwa na furaha.

Nilichokisikia kwanza ni kicheko. Nilipoishusha darubini, viatu vyangu vilikuwa vinaelea. Kile kijito kilikuwa kimekuwa mto mpana, na ng'ambo yake darasa zima lilikuwa limejipanga ufukweni kama watu wanaotazama mpira.

"Mshambaa kaota mizizi!"

"Mwite baba yako aje na ngazi!"

"Iamkie tena, labda hukusikika!"

Sijui kuogelea. Hakuna aliyenifundisha, na mito ya kwetu ungegonga jiwe kabla hujazama. Nilishika sweta mkono mmoja na darubini mkono mwingine, nikaingia. Maji yalifika magotini, kiunoni, mbavuni. Yalikuwa yananisukuma pembeni kwa nguvu ambayo sikuijua, kama ng'ombe anayetaka kupita mlangoni pamoja nawe. Kicheko kikapungua. Nilimwona kiranja ameacha kucheka, amesimama kando ya maji na koti lake amelikumbatia, hakuingia. Hakuna aliyeingia.

Ndipo mwalimu akaja mbio kutoka kivulini, suruali ameikunja, na nikamsikia vizuri kabisa:

"Darubini! Inua darubini!"

Niliinua mkono.

"Mikono miwili! Utaiangusha! Mikono miwili, mali ya umma hiyo!"

Sijawahi kumkatalia mwalimu. Nilifungua vidole, sweta likatoka, nikaishika darubini kwa mikono yote juu ya kichwa, nikatembea. Maji yalinifika kidevuni mahali pamoja, kisha yakashuka. Nilipogeuka, sweta lilikuwa mbali tayari, mikono yake imetanuka. Shakwe mmoja alitua juu yake, akalidonoa, akaona si chakula, akaruka.

Mwalimu aliichukua darubini mikononi mwangu nikiwa bado ndani ya maji. Aliifuta vioo kwa leso, akaielekeza baharini, akatazama.

"Nzima," alisema. Halafu akanikumbuka. "Umeona nini kule?"

"Shakwe, mwalimu."

"Kwamba ni shakwe najua. Wa namna gani, wanafanya nini?"

Meno yalikuwa yanagongana, na wakati huo haikuwa baridi.

Gauni lilikaukia mwilini njiani, likawa gumu kwa chumvi. Hadi Mombo nilikuwa salama, joto la kule unalijua. Lakini jua lilituacha hapo, na lori likaanza kupanda. Kabichi zimeuzwa, tumekaa kwenye mbao tupu, upepo unaingia kila upande. Tulipofika Soni manyunyu yalikuwa yameanza. Nilikohoa mara moja, kikohozi kidogo tu, kikavu, nikakitambua kama unavyotambua hatua za mtu nje ya mlango. Nikamwona baba anafunga sanduku langu kwa kamba.

Kiranja alikaa mbele yangu, kola ya manyoya ameipandisha hadi masikioni, anasimulia tena. Alikuwa amefika kwenye shikamoo. Alipomaliza alinitazama, nadhani aliona uso wangu.

"Utani tu, mdogo wangu. Hujakasirika?"

"Hajakasirika," walisema wenzangu. "Mtani anakasirika?"

"Sijakasirika," nilisema. Nilishangaa sauti yangu ilivyotoka, kavu, ya mtu mzima. "Mtani, vua koti."

Sikusema dada.

Kwa watu wasio na watani pengine hili halieleweki. Mtani wako akikucheka mbele za watu unatulia, lakini mtani huyo ukimwomba kitu alicho nacho mbele za watu hao hao, anakupa, hata kama ni jogoo wa pekee. Akikunyima, basi aliyoyasema hayakuwa utani, yalikuwa chuki, na wote wameyasikia. Babu yangu alichukua mbuzi namna hiyo msibani. Kiranja alilijua hilo kunizidi.

"Si tunakaribia kufika?" alisema, anacheka.

"Mpe!" alisema mmoja. Kisha wote, wanapiga mbao kwa miguu, wale wale wa ufukweni: "Mpe! Mpe! Mpe!"

Alilivua. Alijitahidi kucheka alipokuwa anavua. Lilikuwa na joto la mwili wake ndani, na harufu ya karafuu. Nilifunga vifungo vyote hadi shingoni. Yeye alibaki na blauzi ya mikono mifupi, akajikunja kwenye kona ya lori, na ukungu ulipotufunika sikumwona tena, nilimsikia tu akivuta pumzi kwa meno.

Asubuhi yake alikuja kitandani kwangu. Alikuja peke yake, ndiyo maana nadhani alitegemea ningeona haya.

"Haya, mtani. Nipe koti langu, baridi hii itaniua."

"Nawe nipe sweta langu."

"Sweta lako si lipo baharini?"

"Ulisema maji yanarudi kesho," nilimwambia. "Yakirudi nalo, njoo uchukue koti."

Angeweza kuniadhibu, alikuwa kiranja, angenipa kulima bustani wiki nzima. Hakufanya hivyo. Aliondoka amekumbatia viwiko vyake. Watu wa chini hawajui kujikunyata. Wanajishika mahali pasipostahili, joto linatoka.

Kikohozi changu kiliisha ndani ya lile koti. Baba alipokuja kunitazama katikati ya muhula alinisimamisha kwenye mwanga, akaweka sikio mgongoni kwangu kama anavyomfanyia ndama.

"Kimya," alisema. "Hili koti la nani?"

"La mtani wangu, Mzigua."

Alicheka sana. Alishika kola ya manyoya, akaipapasa, akasema nimemshinda hata babu. Hakuuliza mtani wangu anavaa nini. Akashuka na njia yake, na mimi nikarudi darasani.

Wakati huo kiranja alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa, kwenye kitanda cha dirishani, kilekile changu. Nilikwenda kumwona, nimevaa koti kwa kuwa nje kulikuwa na manyunyu. Kifua chake kilikuwa kinalia kama mlango wa zizi. Mama yake alikuwa ametumiwa habari aje kumchukua. Kiranja alinitazama tangu mlangoni, akatazama koti, akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Maji yamerudi?" aliniuliza. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini alikuwa anajaribu kucheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Niliviangalia vifungo.

"Bado," nilimwambia.